Uzi: Bastola ndogo za silinda, za kubeba kiunoni na za kupigia renji (uwanja wa shabaha). Nilizopitia mpaka sasa

MbebaBoksi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Houston mwaka wa kumi na moja, nabeba boksi usiku ghalani natoka saa tisa usiku, na pale tunapoegesha magari taa mbili kati ya nne hazijawahi kuwaka tangu nianze. Kila wiki kuna ndugu ananipigia simu, mkuu nimepata green card nataka kabastola kadogo ka kubeba ninunue kapi, naongea nusu saa halafu kesho yake anapiga mwingine. Nimeona niandike hapa mara moja.

Nazungumzia zile za silinda tu, fupi, mtutu wa inchi mbili hivi. Glock na wenzake, zile za magazini, wana nyuzi zao. Kwa nini silinda? Kwanza hakuna slaidi, yaani kile kipande cha juu cha kuvuta nyuma, unajaza unafunga basi. Pili risasi moja ikigoma huanzi kuhangaika na chochote, unavuta triga tena inakuja inayofuata. Tatu, zile zisizo na nyundo nje unaweza kuzitoa mfukoni bila kunasa kwenye nguo, na ikibidi inapiga hata ikiwa ndani ya mfuko wa koti. Ubaya wake nao ni mkubwa na watu hawausemi dukani: risasi tano tu, triga nzito, kujaza upya kunachukua muda, na mtutu mfupi hausamehe mkono unaotetemeka hata kidogo.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilinunua kwa kupima mkononi dukani. Nikashika moja ya aloi nyepesi sana, kaliba .357 Magnum, haifiki aunsi 12, yaani chini ya gramu 340, nikasema hii ndiyo, nikiiweka mfukoni sitaisikia. Jina la kampuni naliacha maana bastola haikuwa na kosa, mnunuzi ndiye hakujua anachonunua. Hapa Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na katazo la kisheria anabeba bila leseni, lakini mimi nilitaka leseni kwa sababu nasafiri majimbo mengine ambayo yanaitambua ya Texas. Mtihani wake wa shabaha ni risasi 50: ishirini kutoka yadi 3, ishirini kutoka yadi 7, na kumi kutoka yadi 15. Nikaenda na kale kabastola, na risasi za .38 Special tu, ambazo zinaingia humo humo na ni dhaifu zaidi, wala sio Magnum. Kwenye risasi ya kumi na nane hivi ngozi kati ya kidole gumba na shahada ilishapasuka, na nilikuwa nafumba macho kabla ya kila mlio. Mwalimu akaniangalia, akaniletea yake ya chuma, nikamalizia nayo. Nilifaulu kwa bastola ya mtu mwingine. Hiyo kitu iliniuma kuliko kidonda.

Kuna jambo jingine lilinipata na hizo nyepesi. Siku moja renji nimepiga nne, ya tano silinda ikagoma kuzunguka kabisa. Kumbe kwenye bastola nyepesi teke likija (ule msukumo wa nyuma ukipiga), bastola inarushwa nyuma ikiwa na maganda yote, lakini kile kichwa cha risasi ambayo haijapigwa kinataka kubaki pale pale kilipo, kwa hiyo kinachomoka kwenye ganda lake kidogo kidogo kila unapopiga, mwisho kinatokeza mbele ya silinda na kukwama kwenye fremu. Kuanzia siku hiyo kila aina mpya ya risasi naipima hivi: najaza tano, napiga nne, natoa ile ya tano naipanga sambamba na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka hata unywele, hizo risasi hazibebwi kwenye hiyo bastola.

Basi nikaanza kuazima, kukodi renji, kununua na kuuza. Nilizopiga vya kutosha kuzisemea ni hizi.

Smith & Wesson 642. Hii familia ya fremu ndogo ilianza 1950 na ile Chiefs Special, ambayo 1957 ikaitwa Model 36, na mpaka leo umbo ni lile lile, tano za .38. 642 ina fremu ya aluminiamu, aunsi 15 hivi, nyundo iko ndani. Kwa kubeba sijaona inayoizidi. Inakaa mfuko wa mbele wa suruali ya kazi, huioni. Triga yake pauni kumi na mbili hivi, na ile nundu ya mbele ya kulengea ni ya rangi ile ile ya bastola, gizani huioni, niliipaka rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu na mpaka leo ipo. Risasi 50 kwa siku zinawezekana ila za mwisho unazipiga kwa ukaidi tu.

Ruger LCR, ilitoka 2009, watu waliicheka kwa sababu sehemu ya chini ni plastiki. Ile ya .38 ni aunsi 13.5, nyepesi kuliko 642, lakini triga yake ni laini zaidi, haina pale mahali pa kukwama katikati, na mpini wake wa mpira unameza teke kiasi cha ajabu. Ile ya .357 ni aunsi 17 na mimi kama ningenunua LCR leo ningechukua hiyo halafu nipigie .38 tu. Uzito unaoongezeka mfukoni huusikii, mkononi unausikia.

Ruger SP101. Chuma cha pua kitupu, aunsi 25 au 26 hivi ile ya mtutu mfupi. Hii ukiipigia .38 ni raha, ukiipigia .357 ni kazi lakini inafanyika. Mfukoni haikai, inavuta suruali, hii ni ya mkanda na holsta (ala ya bastola) nzuri.

Colt Cobra mpya ya 2017, aunsi 25, na inabeba sita, kama ile Detective Special yao ya 1927 ambayo ilisaidia kuyapa umaarufu mambo haya ya mtutu mfupi. Triga nzuri. Ile nundu ya mbele inaonekana vizuri. Kimber K6s nayo sita, aunsi 23, nilipiga risasi ishirini tu za rafiki yangu kwa hiyo sitasema zaidi ya kwamba ni laini.

Ninachotaka mkishike: msipime bastola dukani, ipimeni kwenye risasi ya hamsini. Risasi ile ile ukiipiga kwenye bastola yenye nusu ya uzito, nguvu ya teke inakuwa mara mbili, hii ni hesabu ya fizikia wala haibishaniwi na mtu wa kaunta. Bastola inayokuumiza huifanyii mazoezi, na hii mitutu mifupi bila mazoezi hupigi kitu hata yadi saba.

Karibuni mchangie.

Mzee wa Chuma

Kijana umeandika vizuri, marahaba. Mimi niko Ohio, nina SP101 tangu miaka ya tisini na nina Model 60 pia, ile ya chuma cha pua ambayo Smith & Wesson walianza kuitengeneza 1965, ya kwanza ya silinda kutengenezwa kwa chuma cha pua. Nakuunga mkono kwa uzito. Lakini naongeza jambo ulilolipita haraka, risasi zenyewe. Vijana wanajaza .357 kwenye mtutu wa inchi mbili, baruti nyingi inawakia nje ya mtutu, unapata mwale wa moto na mlio wa kukuziba masikio, na ile kasi uliyoilipia sehemu kubwa imeishia hewani. Usiku ndani ya nyumba utabaki huoni wala husikii.

Mimi nabeba wadcutter, .38 ya greni 148, ile yenye kichwa bapa. Watu wanaiona ni ya mashindano tu kwa sababu inatoboa karatasi duara safi kama mashine ya kutobolea mafaili. Ni polepole, teke lake dogo, na bastola hizi fupi nyingi zinaipiga kwa usahihi sana. Kasoro yake kichwa kimelingana na mdomo wa ganda, kwa hiyo kujaza kwa haraka ni shida, risasi haina ncha ya kuiongoza kwenye tundu. Kwa hiyo tano za kwanza kwenye silinda ni wadcutter, za akiba ni za ncha ya mviringo.

Na wanangu, mkimwaga maganda elekezeni mtutu JUU ndipo mpige ile fimbo ya mbele ya silinda inayosukuma maganda kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Fimbo ya hizi fupi ni fupi, haisukumi maganda mpaka mwisho, mkimwaga mtutu ukiwa umelala ganda moja linaingia chini ya ile nyota inayonyanyua maganda na silinda haifungi tena. Nimeliona renji mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

dada_zamu

Asanteni kaka zangu, shikamoo Mzee. Mimi niko Columbus, nafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, zamu ya saa kumi na mbili, mikono yangu midogo na viungo vya vidole vinauma hasa baridi. Shemeji alinipeleka renji na 642 yake na nilishindwa kuvuta triga kwa kidole kimoja, niliweka viwili ndio ikaenda, nikaona aibu nikaondoka. Kila mtu dukani ananiambia dada chukua hii ndogo nyepesi ya kike inakufaa, rangi ya zambarau na nini. Sasa mnaniambia nyepesi ndiyo mbaya. Nifanyeje mtu kama mimi?

MbebaBoksi

Dada pole sana na wala hakuna aibu hapo, triga ya pauni kumi na mbili kwenye kitu chenye uzito wa aunsi 15 ni nzito kwa yeyote, unavuta uzito unaozidi wa bastola yenyewe mara kumi na zaidi. Ndiyo maana inayumba. Hilo la nyepesi ya kike linanikera mpaka leo, wanampa mtu mwenye mkono mdogo bastola yenye teke kubwa kuliko zote dukani.

Mambo mawili ya kujaribu. La kwanza LCR, nenda ukaivute bila risasi, uombe ruhusa kwanza, uilinganishe na 642 pale pale. La pili ni kuacha .38 kabisa. Mwaka 2024 Smith & Wesson na wasambazaji wa Lipsey's walileta matoleo ya Ultimate Carry, 642 kwa .38 na 632 kwa .32 H&R Magnum. Hiyo ya .32 inabeba sita badala ya tano, teke lake ni dogo waziwazi, na vile vya kulengea wameviboresha, unaviona. Shida yake ni moja tu, risasi za .32 hazipatikani kila duka na bei yake imechangamka, kwa hiyo ukizikuta nunua za kutosha.

Kuna na za .22. LCR ya .22 inabeba nane. Kwa mazoezi ni nzuri mno, bei ya risasi ni ndogo, ila ujue triga za .22 mara nyingi ni nzito zaidi kwa sababu lazima ule ukingo wa ganda ugongwe kwa nguvu. Usikimbilie .22 ukidhani triga itakuwa nyepesi.

Baridi_Kali

Mimi napinga kidogo jamani. Niko Minneapolis, huku lazima leseni ya kubeba kwanza ndio ubebe, nimebeba miaka sita. Nilianza na chuma, aunsi 25, mkanda mzuri holsta nzuri kila kitu. Unajua ilikaa wapi? Kwenye droo. Asubuhi unachelewa, unavaa suruali ya michezo unakimbia dukani, joto la Julai shati moja, unaiacha. Nikahesabu mwezi mmoja nilibeba siku tisa. Nikanunua 642 na holsta ya mfukoni, sasa inatoka nami kama simu na funguo. Bastola ya droo hata ikiwa na shabaha ya ajabu haikusaidii kitu maegeshoni, mkuu.

Halafu huku miezi mitano tumevaa makoti makubwa, mkono unaingia mfukoni unashika mpini na hakuna anayejua. Chuma chako cha mkanda kipo chini ya koti, sweta na fulana mbili, utakitoa saa ngapi?

MbebaBoksi

Baridi hapo umenena na sina ubishi, hizo siku tisa ni ushahidi mzuri. Mimi mwenyewe nabeba 642 kazini, sijasema niliuza. Ninachokataa ni mtu kuwa na ile nyepesi PEKE YAKE na kuipiga mara mbili kwa mwaka. Nilivyofanya mimi, nikaenda kutafuta ya chuma iliyotumika yenye umbo lile lile la mkono, nikapata Model 36 ya zamani, yenye nyundo nje lakini naivuta kwa triga tu kama vile nyundo haipo. Renji napiga 40 kwa chuma, halafu 10 za mwisho kwa 642. Mkono haujui tofauti mpaka mlio. Zamani nilikuwa natawanya karatasi nzima yadi saba, sasa zinakaa ndani ya sahani ya chai yadi tano na sahani ya wali yadi saba.

Kuhusu mpini, ukitaka kupunguza teke kwenye 642 weka mpini wa mpira unaofunika nyuma kabisa, lakini mpira unanasa kitambaa cha mfuko, jaribuni kuichomoa bastola mara mia nyumbani ikiwa tupu kabla hamjauamini. Na mfuko wa bastola ni wa bastola tu, humo hakuna funguo wala pipi wala sarafu, na holsta lazima ifunike triga yote na ibaki mfukoni unapochomoa.

Mzee wa Chuma

Na msichanganye kampuni ovyo. Smith & Wesson kitufe cha kufungulia silinda unasukuma mbele, Colt unavuta nyuma, Ruger unabonyeza ndani. Silinda ya Colt inazunguka kufuata saa, ya Smith kinyume chake, kwa hiyo ukiwa umebakiza risasi mbili na unataka kujua inayofuata iko wapi, mazoea ya moja yanakudanganya kwenye nyingine. Chagua nyumba moja ukae humo.

mwanachuo_mpya

Samahanini wakuu, mimi nina viza ya mwanafunzi, niko Dallas. Jamaa yangu ana green card amesema ataninunulia kwa jina lake kisha nimlipe. Si Texas hawataki leseni siku hizi?

MbebaBoksi

HAPANA mdogo wangu. Soma hapa taratibu. Sheria ya Texas ya kubeba bila leseni haifuti sheria ya serikali kuu. Serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda, pamoja na ya mwanafunzi, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Dukani unajaza fomu namba 4473 na inauliza hilo moja kwa moja. Na huyo jamaa akijaza kwamba ananunua yake huku anamnunulia mtu, amedanganya kwenye fomu ya serikali, ni kosa la jinai lake na lako. Utapoteza masomo, viza, na njia ya kurudi. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, miaka 21 kwa bastola dukani. Ukifika huko karibu, nitakupeleka renji mwenyewe.

Na nyie wa majimbo yaliyohalalisha bangi, ile fomu inauliza bangi pia, na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu.

Wengine wameniuliza inbox kuhusu kurudi nayo Bongo. Msifikirie hata kidogo kuibeba kwenye sanduku. Tanzania ina sheria yake ya silaha ya 2015, vibali vinaombwa kabla, sio uwanjani.

dada_zamu

Na watoto je? Wangu wana miaka minne na saba, wa saba anafungua kila kitu.

Mzee wa Chuma

Binti, triga nzito isikupe imani. Mtoto anatumia vidole gumba vyote viwili. Ukiingia ndani ni moja kati ya mawili, ipo mwilini mwako au ipo kwenye kasiki dogo la kufunguka kwa namba lililofungwa kwa nyaya kwenye kitanda au ukutani. Hakuna juu ya kabati, hakuna ndani ya pochi. Pochi hasa, mtoto anajua peremende ziko humo.

dada_zamu

Wakuu mrejesho, imepita wiki saba. Nilienda renji inayokodisha, nikapiga nne: SP101, LCR ya .38, LCR ya .22, na 632 ya .32 ambayo mwalimu alikuwa nayo mwenyewe. SP101 nilipiga vizuri kuliko zote lakini sketi ya kazi haishiki uzito ule, niliivaa nusu saa ikawa inashuka. LCR ya .38 niliweza kuvuta kwa kidole kimoja, nikapiga kumi, ya kumi na moja kiganja kikakataa. Ya .22 triga nzito kweli kama kaka alivyosema. Ya .32 nilipiga thelathini na nikataka kuendelea.

Nimeagiza hiyo ya .32, nimepata boksi sita za risasi kwa maduka matatu tofauti. Kila jioni kabla ya zamu navuta triga mara thelathini, risasi zikiwa chumba kingine na zile za plastiki za mazoezi kwenye silinda, nimeweka sarafu juu ya mtutu nahakikisha haianguki. Wiki ya kwanza ilianguka kila mara. Jana imebaki mara ishirini na mbili. Kasiki nimelifunga ukutani, wa miaka saba ameshajaribu namba za siku yake ya kuzaliwa na za yangu, hazijafungua.

MbebaBoksi

Dada hongera sana. Zikifika hizo risasi usisahau: jaza sita, piga tano, ile ya sita itoe uipime.